Mkaguzi na Mkondo wa Soko Letu

Kila aliyetaka kujenga sokoni kwetu alijua kwamba siku moja Mkaguzi atafika na kuomba ndoo ya maji. Si ndoo yake, ni yako, na maji ni yako, na Ukambani maji si kitu cha kuchezea. Angesimama katikati ya ploti, akayamwaga yote chini, kisha akaanza kuyafuata ameinama, mikono mgongoni, mpaka yaishe mchangani. Mwenye ploti anatazama tu, roho inamuuma. Ndipo Mkaguzi anainuka na kuuliza, "Sasa haya yakiwa mengi, yataenda wapi?"

Nilifanya kazi naye miaka kumi na mitatu katika baraza la soko moja upande wa Makueni, ukishapita Tawa. Yeye alikagua ramani za majengo, mimi nilikuwa mpiga taipu. Jina lake ninalijua ila silitaji, ana wajukuu, na tena hakuna aliyelitumia. Hata mkewe akija ofisini aliuliza, "Mkaguzi yuko?"

Ramani zilikuja kwake zikiwa zimechorwa na watu wa kila namna. Nyingine zilichorwa na fundi wa mawe kwenye karatasi ya daftari, vyumba viwili na mlango, basi. Mkaguzi alizisoma zote kwa heshima ileile. Hakujali sana vyumba. Alitafuta mshale wa mteremko, na asipouona aliandika kwa kalamu nyekundu: Imerudishwa, onyesha njia ya maji. Maneno hayo niliyapiga taipu mara nyingi mpaka vidole vilikuwa vinayajua bila mimi.

Siku ya kamati, kila mwisho wa mwezi, madiwani walikuja wamevaa makoti na kumcheka. Mmoja wao, aliyewakilisha soko letu, nitamwita Diwani tu, alikuwa na sauti ya kujaza chumba.

"Wewe Mkaguzi," angesema, "hapa mvua inanyesha mara ngapi kwa mwaka? Unatusumbua na maji yenye haiko."

"Itakuja siku moja," Mkaguzi alijibu. "Na haitaomba ruhusa kwa kamati."

Kisha aliketi na kuanza kusafisha miwani kwa ncha ya tai. Hakubishana mara mbili. Hiyo ndiyo iliyowaudhi zaidi, maana madiwani wanapenda mtu wa kubishana naye.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mgumu kwa wadogo pia. Kulikuwa na mama wa kuuza uji aliyehamishwa kibanda mara tatu kwa sababu kilikaa nusu hatua ndani ya mkondo, na mara ya tatu yule mama alilia mbele yetu sote, na Mkaguzi akaendelea kuvuta kamba yake ya katani akipima. Alikuwa bahili wa ajabu. Muthokoi wake, mahindi ya kukoboa na maharagwe, alikuja nao kwenye kopo la maziwa ya unga, akaula mezani pangu kwa sababu meza yake ilijaa ramani, na hakuwahi kunikaribisha kijiko. Chai ya mwenye ramani hakuinywa. "Nikinywa chai yako," aliwaambia watu usoni, "nitaanza kuona mteremko wako ni mdogo." Na mbwa aliwaogopa kabisa. Ploti yenye mbwa aliikagua akiwa nje ya ua.

Nyumba yake mwenyewe ndiyo ilikuwa kichekesho. Alikaa katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya ofisi, na paa lake halikuwa na gata hata moja la kupitisha maji. Mvua ikinyesha, maji yalidondoka moja kwa moja mlangoni, na mkewe alipanga sufuria ukutani kuyakinga. Nilimuuliza kwa nini hajirekebishii.

"Nyumba ni ya baraza," akasema. "Nimewaandikia."

"Lini?"

"Nilipokuja."

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukusanya sadaka na kunyamazisha watoto. Mwaka mmoja wa ukame mbaya mchungaji alituita tuombe mvua. Watu walifumba macho, wakapaza sauti, wengine wakapiga magoti. Mimi nilifumbua jicho moja nikamwona Mkaguzi amekaa macho wazi, anatazama watu benchi kwa benchi, midomo inahesabu. Jumatatu nikamuuliza alikuwa akifanya nini.

"Nilikuwa nahesabu wenye wamechimba mtaro."

"Ukapata wangapi?"

"Wawili. Kwa hivyo sikusema amina."

Na kuhusu mitaro alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa mtu. Mtaro unachimbwa kuanzia chini, pale maji yatakapotokea, kisha unapanda kidogo kidogo mpaka juu. Ukianza juu ukachoka katikati, umekusanya maji ya mlima mzima na hujayaonyesha mlango. Afadhali usingechimba. Alilirudia hilo kwenye mashamba, kwenye baraza la chifu, hata kwenye harusi moja. Wanawake wa mwethya, vikundi vyetu vya kulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, walikuwa wakimwiga anavyonyoosha kidole chini akisema, "Huko kwanza."

Sasa huo mkondo. Juu ya soko letu kuna mlima, na kutoka mlimani hadi mto wa mchanga huko chini kulikuwa na ukanda mtupu uliopita katikati ya maduka. Mgeni angeuona angedhani ni uwanja. Mbuzi walilala humo, vijana walicheza mpira, na kwa sababu mvua kubwa ilikuja mara moja baada ya miaka mingi, watu walishasahau ule ukanda ni wa nini. Kwenye ramani kubwa ya soko Mkaguzi alikuwa ameupaka rangi ya samawati, na pembeni ameandika: Usigawanywe. Kila mwaka Diwani alileta pendekezo la kuukata ploti. Kila mwaka Mkaguzi aliupitia ule ukanda kwa miguu kutoka juu hadi chini kama vile haujui, akarudi, akaandika kwa kalamu nyekundu. Miaka saba.

Mimi nami nilikuwa na yangu. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa, na mtoto wa kike mgongoni, na kwetu mwanamke aliyerudi hana shamba kwa baba yake. Ana pahali pa kulala mpaka kaka yake achoke. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya, lakini alioa, na mke akazaa, na siku moja nilitoka kazini nikakuta sanduku langu na godoro la mtoto vimewekwa nje, vimepangwa vizuri. Hakuna aliyenitukana. Vilipangwa vizuri tu. Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja duniani, ploti yenye jina langu ambayo hakuna wifi wa kunitoa.

Diwani alijua. Wanasiasa wanajua haja ya kila mtu, hiyo ndiyo kazi yao. Akaja mezani pangu, akaegemea mashine ya taipu.

"Mpiga taipu, ule uwanja utatoa ploti sita. Ile ya juu kabisa ni yako. Wengine ni wafanyabiashara, wako tayari. Wewe ongea na huyo mzee wako, wewe anakusikia."

Nilimwambia nitafikiria. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeshaanza kujenga kichwani, dirisha liangalie wapi, jiko likae wapi.

Kesho yake, saa ya chakula, Mkaguzi alipofungua kopo lake la muthokoi, nikamwambia. Sikuzunguka. Nikamweleza sanduku, godoro, mtoto. Aliweka kijiko chini.

"Wewe pia, mwaitu?" akasema. Mwaitu maana yake ni mama yangu, kwetu unamwita hivyo hata msichana ukimheshimu, na yeye aliniita hivyo tangu siku ya kwanza.

"Mimi pia, mzee."

"Huna pahali pengine?"

"Sina."

Hakumaliza chakula. Alifunika kopo, akatoka, na kwa dirisha nikamwona anapanda kuelekea mlimani, bila kofia, jua la saa saba. Nilijua nimemshinda. Nilifurahi, sitadanganya.

Alirudi na mpango. Tungechimba mtaro wa kukinga juu ya soko, uanze kwenye ploti yangu upande wa magharibi, upite juu ya zile tano za wafanyabiashara, kisha uzunguke upande wa mashariki hadi mtoni. Ukikamilika, mkondo wa zamani hautakuwa na kazi tena, na ploti zitakuwa halali. Akaandika sharti kwamba kila mwenye ploti achimbe sehemu iliyo mbele yake kabla ya kujenga. Nililipiga taipu mwenyewe. Kamati ilipitisha bila hata kusoma, Diwani akanikonyeza.

Mtaro mzuri ungeanza chini mtoni. Lakini kikundi changu cha mwethya kilikuwa na siku nne tu kabla ya kupanda, na mwethya humchimbia mwanachama wake. Mwanachama nilikuwa mimi, na ploti yangu ilikuwa juu. Mkaguzi alisimama na kamba yake na pimamaji akatutazama tukiinua majembe pale juu. Mwanamke mmoja akamchokoza, akanyoosha kidole chini kama anavyofanya yeye. "Mkaguzi, si huko kwanza?" Tulicheka sote. Yeye akasema, "Leo anzeni hapa. Wale wengine wataendeleza. Aibu itawachimbisha."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu aliyezeeka mashambani. Kwenye mwethya, ukiacha kipande chako bila kuchimba, wanawake watakiimba, utatozwa kuku, na watoto wako watachekwa kisimani. Hakuna anayethubutu. Alidhani ni hivyo kila mahali. Wafanyabiashara hawakuwa wa mwethya wowote, walikaa Machakos na Nairobi, na hakuna aliyekuwa akiwaimba. Tulichimba siku nne, mtaro mzuri wenye kina cha kiuno, tukapita ploti yangu, na kwa sababu tulikuwa na nguvu na nyimbo tukasukuma mbele tukapita mbili za jirani, tukaishia pale. Chini ya pale tulipoishia, kando ya mkondo, palikuwa na nyumba ya fundi cherehani.

Fundi alikuwa Mwislamu kutoka Kitui mjini, babu zake walitoka pwani. Alishona sare za shule zote za karibu na alikuwa anatucheka kwa Kiswahili chetu. Nikisema "maji iko," ananirekebisha huku sindano ziko mdomoni. Siku ya mwisho ya kuchimba alituletea sinia la kaimati, akasimama ukingoni mwa mtaro akauliza, "Na huu unaishia wapi?" Nikamwambia utaendelezwa. Akasema, "Haya, inshallah."

Wafanyabiashara walijenga. Hakuna aliyechimba hata hatua moja. Mkaguzi aliwaandikia barua, nikazipiga, tukazipeleka posta. Alimwendea Diwani, Diwani akamwambia asubiri mavuno. Alichukua jembe mwenyewe Jumamosi mbili, mzee wa miaka ile, akachimba peke yake mpaka mgongo ukamkataa. Angeweza kusimamisha ujenzi wote, alikuwa na mamlaka hayo. Lakini kusimamisha wote ni pamoja na mimi, na mimi nilikuwa nimeshafika kwenye lenta, kuta zimepita madirisha.

Mvua ya Novemba ilikuja saa tisa mchana. Mkondo wa zamani ulikuwa umezibwa na kuta, kwa hivyo maji ya mlima yaliingia kwenye mtaro wetu, na mtaro ulifanya kazi yake vizuri sana. Uliyakusanya yote, ukayapeleka hadi mwisho, ukayaachia. Mke wa fundi alikuwa sokoni, watoto shuleni. Fundi alikuwa ndani anashona. Ukuta wa nyuma ulimwangukia, na maji yakapita juu yake na kuchimba korongo hadi mtoni. Kwangu hapakuingia hata tone.

Tulimzika kesho yake asubuhi, kwa desturi yao ya kutochelewesha maziko. Diwani alikuja akasema ni kazi ya Mungu na hatuwezi kumuuliza Mungu. Nilimtazama Mkaguzi. Lile sharti lilikuwa kwenye faili, lina sahihi na muhuri, angelitoa wangejulikana wote waliokosa. Hakulitoa. Alirusha udongo wake kaburini akaenda nyumbani. Nilingoja anitukane. Siku, wiki, nikingoja. Kila asubuhi aliniambia, "Umeamkaje, mwaitu," kwa sauti ileile, na ningependa zaidi angenipiga kofi.

Hakuomba tena ndoo ya mtu. Kwa miaka iliyobaki kabla ya kustaafu, hakurudisha ramani hata moja. Zilikuja, akapiga muhuri, zikaenda. Nyingine hakuzifungua. Madiwani walianza kumpenda, wakasema mzee amepata akili. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani.

Mimi nilimaliza nyumba yangu nikahamia na mtoto. Nilikuwa nikilala vizuri humo, na hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mjane wa fundi alijenga tena palepale, kando ya lile korongo, kwa sababu hakuwa na pengine.

Mara ya mwisho nilipomwona Mkaguzi ilikuwa miaka kumi baadaye. Ulikuja mradi wa mifereji, na wahandisi vijana wakasema mkondo wa asili lazima ufunguliwe, na chochote kilichojengwa ndani kibomolewe. Wakataka ramani kubwa. Nilikwenda kuitafuta kabatini nikakuta mchwa wameshaimaliza, umebaki ukingo na vumbi. Naapa sikuigusa. Basi wakataka barua ya yule aliyeitenga ile njia, yenye mchoro na sahihi, na ofisi ikanituma mimi niifuate. Nani mwingine angetumwa? Mimi ndiye niliyejua kwao.

Kwao ni Tseikuru, mbali kaskazini mwa Kitui, nchi ya mbuzi na vumbi. Nilifika kwa lori la kununua mifugo, siku ya pili. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Alinitambua kabla sijasema neno.

"Mwaitu. Msichana wako?"

"Anafundisha Kitui."

"Hiyo ni vizuri."

Nikamweleza mradi, wahandisi, mchwa. Nikampa karatasi na kalamu. Akaiweka karatasi juu ya goti, akailaza kwa kiganja.

"Si wewe unajua mkondo ulipita wapi?"

"Najua. Wanataka sahihi yako."

"Nyumba yako ilikuwa ya mawe, ama?"

"Ya mawe. Vyumba vinne."

Akatikisa kichwa taratibu. Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno, nitamwambia nina miaka hamsini, nitamwambia sina pa kwenda. Hakuyahitaji. Akauliza tu, kama karani anayemhudumia mtu dirishani, "Unataka niandike ulipita wapi?"

Nilikuwa nimekuja anikatalie. Sikulijua hilo mpaka alipouliza. Nilitaka anifukuze mbele ya mbuzi wake, aniite mwizi, nirudi na barua ya kweli na kulia njia nzima. Nilimwangalia nikitafuta yule mtu wa kalamu nyekundu. Hakuwako, na mimi ndiye niliyemmaliza.

"Kwa fundi," nikasema.

"Fundi alikufa."

"Mjane yuko. Na watoto watatu."

Mbuzi mmoja alikuja akanusa karatasi, Mkaguzi akamsukuma polepole kwa kiwiko.

"Hapo kuna korongo," akasema. "Wataamini."

Akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri wa shule za zamani, akachora mlima, akachora mto, akapitisha mkondo kati yake pahali ambapo haukuwahi kupita, na hakusahau mshale wa mteremko. Akatia sahihi. Nikasema asante, mzee. Nilisema hivyo.

Mjane alipewa notisi. Alikuja ofisini akaitandaza juu ya meza yangu, akauliza kwa sauti ya chini, kwa kile Kiswahili chao kizuri, "Dada, wewe ni wa siku nyingi hapa. Mkondo ulipita wapi?"

Nikamwambia kuna barua ya Mkaguzi kwenye faili.

Alihama mwezi wa kumi, ili mvua isimkute na watoto nje. Mwaka ule haikunyesha.